Mhariri aliyelindwa na askari

Juma hili tutazame kazi ya mhariri mmoja wa Mexico, Jesús Blancornelas. Maisha yake yanatufundisha maana ya usalama wa mwandishi wa habari.

Mwaka 1980, yeye na mwenzake Héctor Félix Miranda walianzisha gazeti la kila wiki, Zeta, katika mji wa Tijuana, mpakani na Marekani. Miaka ya mwanzo lilichapwa ng'ambo ya mpaka, jimboni California, ili wakubwa wasipate mwanya wa kufunga mitambo. Zeta likaandika juu ya rushwa, kisha juu ya genge la dawa za kulevya la ndugu Arellano Félix.

Aprili 1988 Félix Miranda aliuawa kwa risasi. Walinzi wawili wa uwanja wa mbio walitiwa hatiani, lakini Zeta halikuridhika kwamba mambo yameishia hapo. Kila toleo likawa na ukurasa mweusi wenye picha ya marehemu, akiuliza kwa nini aliuawa. Ukurasa huo haukuwa wa maombolezo tu. Kesi ya mwandishi ikisahauliwa, muuaji wa kesho hupata moyo.

Novemba 27, 1997, zamu ya Blancornelas ilifika. Gari lake lilimiminiwa risasi. Nne zilimpata yeye, na mlinzi wake, Luis Valero, akafa. Mhariri alipona akarudi kazini, ila tangu hapo akawa mtu wa nyumbani na ofisini, huku askari wakimzunguka. Mwaka 1999 UNESCO ilimpa tuzo ya Guillermo Cano, yenye jina la mhariri wa Colombia aliyeuawa mwaka 1986.

Je, askari walitosha? Hawakutosha. Juni 2004 mhariri mwenzake, Francisco Ortiz Franco, aliuawa garini mbele ya wanawe wadogo wawili. Bunduki humlinda mtu mmoja. Wenzake hubaki wazi.

Ndiyo maana Zeta lilikuwa na kinga nyingine: habari za hatari hazikuwekwa jina la mwandishi, bali jina la gazeti. Adui akitaka kulipiza kisasi, hajui aanze na nani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Blancornelas alifariki kwa maradhi Novemba 23, 2006, akiwa na miaka 70. Gazeti halikufa naye.

Tangu 2013 Umoja wa Mataifa umeitenga Novemba 2 kuwa siku ya kupinga kutoadhibiwa kwa wanaowadhuru waandishi. Ni jambo jema, lakini siku moja haitoshi. Mwandishi akipigwa, wewe msomaji uliza: nani amekamatwa? Juma lijalo uliza tena. Mwandishi akinyamazishwa, wa kwanza kukosa habari ni wewe uliyelipa fedha yako kununua gazeti.