Skana ikigoma, ulizia kosa lililoandikwa

Wafanyabiashara wa Gasenyi, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura (si ile Gasenyi ya Kirundo inayotazamana na Nemba ya Rwanda), wanapovusha bidhaa huliogopa neno moja: "mashine imegoma." Mizigo hurundikwa, saa zinakwenda, na anayengoja haambiwi tatizo ni nini. Kumbe mashine yenyewe imeshasema.

Skana ya mabegi na mizigo midogo haiwezi kufanya kazi kwa umeme wa ukutani ulivyo. Ndani yake kuna kisanduku kinachopokea volti 220, kikaukatakata umeme huo mara maelfu kwa sekunde, kikaupitisha kwenye transfoma, kisha kwenye safu za kapasita na dayodi, hadi ufike volti 160,000 hivi. Nguvu hiyo huzirusha elektroni ndani ya tyubu zikagonge madini ya tangsteni, na hapo eksirei hutoka. Umeme ukikatwa, eksirei hukoma papo hapo. Mwenye ndagala asiwe na hofu: samaki waliopita humo hawabaki na mionzi.

Volti nyingi hivyo zinaweza kuruka kama radi ndogo. Kwa hiyo kisanduku hujipima muda wote: volti, mkondo, joto. Kipimo kikizidi, hujizima kabla ya kuungua na kutuma ujumbe wa kosa kwenye skrini ya mwendeshaji.

Ujumbe huo ndio wa kuulizia, maana makosa hayalingani. Kifuniko kilichoachwa wazi au kitufe cha dharura kilichobonyezwa ni jambo la dakika chache. Joto likizidi, mashine huachwa ipoe. Umeme wa mtaani ukishuka, ni kungoja utulie au jenereta iwashwe. Kosa baya ni cheche. Ikitokea mara moja si neno, lakini ikirudi kila mashine inapowashwa, huenda tyubu imechoka au mafuta yanayozuia umeme usiruke yameharibika. Hapo ataitwa fundi, pengine na kipuri kiagizwe nje. Mwenye nyanya asilale hapo. Aombe mzigo wake ukaguliwe kwa mkono.

Kuchelewa kwa Jumatatu asubuhi ni jambo jingine. Tyubu iliyolala siku kadhaa hupandishiwa volti polepole ili isipasuke cheche, na mwendeshaji anayeharakisha hatua hiyo ndiye anayeiua.