Sura ya Tatu: Fiji Haisimikwi, Inafunguliwa

Kila ninapofika kwa wachimbaji wa dhahabu wa Shelui na kutaja programu ya kupima picha, swali la kwanza huwa bei, la pili kraki inapatikana wapi. Nijibu yote mawili kabla hatujagusa kompyuta. ImageJ ni ya bure. Wayne Rasband aliiandika katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ikatoka mwaka 1997, nayo ni mali ya umma. Fiji ni ImageJ ileile, imefungashwa pamoja na vijiprogramu ambavyo mtafiti angevitafuta kimojakimoja. Anayekuuzia kraki ya Fiji hana cha kukuuzia isipokuwa kirusi.

Kosa jingine: "Weka Java kwanza." Usiweke. Fiji inakuja na Java yake tumboni. Nimekuta kompyuta zenye Java tatu zinazogombana, na mwenyewe amelipia zote kwa fundi.

Kubwa zaidi ni neno lenyewe, kuinstoli. Fiji ni folda iliyobanwa: unaifungua, unaiweka mahali pake, unabofya. Bando la mtu mmoja latosha mtaa mzima, kwani ukishaipakua unainakili kwa flashi. Chagua tu faili la mfumo endeshi wako.

Kwenye Windows, toa folda nzima nje ya zipu. Wengi huchungulia ndani ya zipu na kubofya humohumo, kisha wanalaumu kompyuta. Wala usiitupe ndani ya Program Files: Windows hulinda folda hiyo, na Fiji itashindwa kujisasisha. Iache kwenye folda yako mwenyewe.

Kabla ya Mac, lazima nisimame kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wapo wanaoniuliza kama Fiji itaonyesha dhahabu ndani ya mwamba, au mahali Wajerumani walipozika mali. Haionyeshi. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke Wajerumani waliichimba waitumie. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimewabana, walifua sehemu yake kule Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye tembo mbele ya mlima. Hakuna pikseli inayoona chini ya udongo, na mwenye simu "inayosoma madini" ni mwizi.

Inachokifanya Fiji ni kupima chembe, na hilo lina faida kubwa kuliko ramani yoyote ya hazina. Chembe ya dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe lisilosagika vizuri haiguswi na zebaki. Inaondoka na marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa, na mwenye marudio ndiye anayecheka. Basi tandaza unga kidogo wa jiwe lililosagwa juu ya karatasi nyeupe, chembe zisigusane, weka rula pembeni, piga picha kutoka juu. Ndani ya Fiji, chora mstari juu ya milimita 10 za rula na uiambie hivyo. Tenganisha weusi na weupe, kisha iamuru ihesabu chembe na kupima eneo la kila moja. Angalia hesabu hii: milimita 1 ikichukua pikseli 40, chembe ya milimita 0.05 ina upana wa pikseli 2 tu, na kipimo chake hakiaminiki. Sogeza kamera. Na picha usiitume kwa WhatsApp kama picha, kwa kuwa inabanwa. Itume kama faili.

Kompyuta kubwa si lazima. Picha ya rangi ya pikseli milioni 12 huchukua megabaiti 48 za kumbukumbu ndani ya programu.

Mac: ihamishe Fiji kutoka kwenye folda ya vipakuliwa, la sivyo mfumo utaiendesha mahali pa kujificha pasipoandikika, na masasisho yatagoma. Linux: fungua folda, lipe faili la kuanzishia ruhusa ya kuendeshwa, basi.

Kidirisha kitakachotokea ni chembamba kama rula, na wengi hukifunga wakidhani programu imekwama. Haijakwama. Buruta picha ya unga wako, uidondoshe juu yake.