Mtoto yuko staji kwa koopeki, mshahara uko wapi?

Likizo kubwa ikifika, batoto wa Masereka wanaosoma Butembo hawarudi wote kuchimbua viazi. Wengine wanabaki mjini ju ya staji. Wale wa uchumi na biashara, kama wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanza mwaka 1989, wanaomba nafasi kwa koopeki, zile nyumba za kuweka akiba na kukopesha.

Sokoni tulikuta mama mmoja akipanga mafungu ya viazi. Bwana yake anachimba dhahabu upande wa Manguredjipa. Akatuambia: "Mtoto anashinda kwa makuta ya watu tangu wiki tatu, lakini iko ananiomba mimi makuta ya pikipiki! Kazi gani hiyo?"

Mama, staji haiko kazi. Ni masomo yanayofanyika nje ya darasa, na mara nyingi hayana mshahara. Mtoto anapokea watu kwa gishe, anajaza vitabu vya akiba, anapanga mafaili, kisha anaandika ripoti. Njo maana, mbele aanze, muulize: siku ngapi? Nani atamwongoza? Nani analipa usafiri?

Lakini faida inaweza kufika nyumbani. Baba akipanda kutoka shimoni, mtoto amfanyie hesabu hii. Unakopa dola 300 kwa miezi 6, riba 3 kwa mia kila mwezi, na unarudisha dola 50 za deni kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwa deni lote la mwanzo, utalipa dola 54 zaidi. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, ni dola 31 na nusu. Riba ni ile ile, lakini tofauti ni dola 22 na nusu. Wengi wetu tunatia sahihi bila kuuliza.

Amwonyeshe pia ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Sheria ya tarehe 2 Februari 2002 inaidai kwa kila koopeki.

Kitu kimoja tu tusimuombe: makuta ya jirani ni ngapi. Hiyo ni siri ya kazi, na akiitoa, staji imekufa.

Yule mama alicheka. Mtoto akipanda Masereka siku ya Mungu, alisema, atatoa kile kitabu cha deni kilicho chini ya godoro.