Wanafunzi Wanaochangia Wakimbizi: Jirani wa Kawangware Anahitaji Nini, na Shilingi Ipitie Wapi

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 kote nchini wanasoma Huduma kwa Jamii kama somo la lazima, sambamba na Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Somo hili humtaka mwanafunzi atoke darasani, atambue tatizo katika mtaa wake, kisha yeye na wenzake wafanye jambo la kulipunguza. Kwa shule zilizo karibu na Kibera na Kawangware, mojawapo ya matatizo hayo liko mlango wa pili: familia za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini, waliopanga chumba katika ploti moja na Wakenya.

Siku ya Wakimbizi Duniani huadhimishwa Juni 20, na huo ndio wakati wa kuchora mabango na kupitisha mikebe ya michango. Nia huwa njema. Hata hivyo, mchango unaweza kwenda pasipohitajika, unaweza kumwanika mtu aliyekuja Nairobi kujificha, na unaweza pia kumtia mwanafunzi matatani na sheria. Makala haya yanaeleza kinachomfaa mkimbizi anayeishi jijini na njia ambayo shilingi ya mwanafunzi inapaswa kupitia kabla ya kumfikia.

Mkimbizi wa mjini si wa kambini

Kenya inawahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako Dadaab, iliyoanzishwa mwaka wa 1991, na Kakuma, iliyoanzishwa 1992. Takriban mmoja kati ya kila wanane huishi mijini, hasa hapa Nairobi. Picha tunazoziona kwenye runinga, za mahema na foleni za unga, ni za kule kambini. Hali kule ni ngumu kwelikweli: mwaka wa 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini ambacho mtu anahitaji kwa siku.

Wa Nairobi hana mgao wa kupunguzwa. Anayeamua kuishi mjini hutarajiwa kujitegemea: kodi ya nyumba, maji ya mtungi, nauli na sare ya mtoto, vyote hutoka kwenye kibarua chake. Ndiyo maana watu humpita bila kumtambua. Anasuka nywele, anauza vitenge, anafua nguo za watu, na mwisho wa mwezi anahangaika na kodi kama jirani yake Mkenya.

Je, anaruhusiwa kuwa hapa? Swali hili huulizwa sana, na klabu ya shule ikiweza kulijibu sawasawa itakuwa imefanya kazi kubwa. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi kadhaa, walikwenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaibatilisha amri hiyo. Mwaka uliofuata msako wa Usalama Watch uliwakusanya maelfu ya watu katika uwanja wa Kasarani, na hofu ya siku zile haijaisha kabisa. Leo inayotumika ni Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ambayo ina kituo chake cha usajili Shauri Moyo, ndiyo inayowasajili na kuwapa hati. Mkimbizi aliyesajiliwa Nairobi na aliye na hati zake yuko hapa kihalali, na hana haja ya kumlipa mtu yeyote ili aachwe kwa amani.

Karatasi kwanza, halafu sare

Ukiuliza ni kitu gani kinachomzuia mtoto wa mkimbizi kuendelea na masomo, wengi watakujibu kwamba ni umaskini. Jibu hilo ni nusu tu. Nusu nyingine ni karatasi. Shule huomba cheti cha kuzaliwa ili kumwingiza mtoto kwenye mfumo wa usajili wa Wizara ya Elimu, na asiyesajiliwa hukwama wakati wa mtihani wa kitaifa. Anaweza kukaa darasani miaka sita, akajua kusoma na kuandika, kisha akawatazama wenzake wakijaza fomu za mtihani ambazo yeye hana.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili: kila mtoto aliyezaliwa Kenya husajiliwa kuzaliwa kwake, bila kujali wazazi ni raia wa nchi gani. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo. Mama aliyejifungulia Hospitali ya Mbagathi au Pumwani anapaswa kuondoka na arifa ya kuzaliwa kwa mtoto, na arifa hiyo ndiyo inayompatia cheti. Aliyejifungulia nyumbani aende kwa chifu au naibu wa chifu. Cheti hicho hakimpi mtoto uraia wa Kenya, na baadhi ya maafisa, pamoja na baadhi ya wazazi, huyachanganya mambo haya mawili. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi hutumia hati za Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa elimu ya msingi ya bure na ya lazima “kila mtoto”. Hakikusema kila mtoto wa Mkenya.

Hapa Kibera kuna funzo la karibu kuhusu jambo hili. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, wameishi pale tangu miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi mwaka wa 1918. Wao si wakimbizi, lakini kwa miaka mingi vijana wao walihojiwa kama wageni walipoomba kitambulisho. Kesi kuhusu watoto wa Kinubi ilifika kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki zao, ikiwemo ya kusajiliwa wanapozaliwa. Hatimiliki ya ekari 288 ilikuja mwaka wa 2017. Mwanafunzi anayetaka kuelewa uzito wa kipande cha karatasi hana haja ya kusafiri hadi Kakuma. Aende Makina, aketi na wazee.

Kwa hiyo, kampeni ya uhamasishaji inayoweza kuleta faida ya haraka ni ile inayosambaza habari hizi kwa Kiswahili rahisi, na pale inapowezekana kwa Kifaransa na Kirundi, kwenye kliniki, makanisa, misikiti na malango ya shule. Karatasi moja iliyochapishwa pande mbili inatosha. Familia iliyokwama inaweza kuelekezwa kwa Kituo cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya, mashirika ambayo yana mawakili wanaozifahamu kesi za aina hii.

Lipo jambo jingine lisilogharimu hata senti. Mtoto aliyeanza shule Bukavu au Bujumbura alisoma kwa Kifaransa. Akifika hapa huwekwa madarasa mawili au matatu nyuma kwa sababu ya Kiingereza, ingawa hesabu anazimudu. Wanafunzi wa sekondari wakimpa saa moja ya Kiingereza kila Jumamosi kwa muhula mzima, wamemsaidia kuliko mfuko wa unga.

Tukija kwenye mahitaji ya shuleni, masomo ya msingi katika shule za umma hayana karo tangu 2003, lakini sare, viatu na vitabu vya kuandikia bado vina bei. Chakula cha mchana kimepunguziwa wazazi uzito kupitia Dishi na County, mpango wa kaunti ulioanza mwaka wa 2023, ambapo mwanafunzi wa shule ya umma hulipa shilingi 5 kwa mlo. Tatizo ni kwamba shule za umma ni chache mitaani humu, kwa hivyo watoto wengi, wenyeji na wakimbizi, husoma katika shule za kibinafsi za mtaani zinazotoza karo. Kiasi kidogo cha pesa kinaweza kumrudisha mtoto darasani. Nguo kuukuu, kwa upande mwingine, hazina haja. Soko la Toi liko pale pale, na mitumba ya watoto imejaa.

Michango midogo iliyofika mbali

Mtindo wa wanafunzi kuwachangia wakimbizi una mizizi mirefu. Mwaka wa 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza Ruth Rouse aliwakuta wanafunzi wa Vienna wakifa njaa na akatoa mwito kwa wanafunzi wa nchi nyingine wawachangie. Kutokana na juhudi zile lilizaliwa shirika ambalo tawi lake la Kanada, World University Service of Canada, lilianzisha mwaka wa 1978 mpango wa kuwapeleka wakimbizi vyuoni. Kinachofaa kuigwa ni jinsi pesa zinavyopatikana: katika vyuo vingi wanafunzi wenyewe hupiga kura wakubali kukatwa dola chache kwenye ada zao, kisha kamati yao humpokea mkimbizi na kumgharimia mwaka wa kwanza. Hawangoji tamasha wala tajiri. Zaidi ya wakimbizi 2,000 wamesoma kwa njia hiyo, na wengi walitoka Dadaab na Kakuma.

Kibera ina mfano wake. Mwaka wa 2000 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Rye Barcott, alimpa muuguzi Tabitha Atieno Festo dola 26 ili aanze biashara ya mboga. Kutokana na faida yake, Tabitha alianza kuwatibu majirani chumbani mwake. Alifariki mwaka wa 2004, lakini zahanati inayobeba jina lake ipo hadi leo. Wengi hukumbuka dola zile 26. Mimi naona cha kukumbukwa zaidi ni kwamba aliyeamua matumizi yake alikuwa mkazi, tena mwenye taaluma, aliyejua majirani zake wanaugua nini.

Sheria ya kuchangisha

Kuchanga darasani chini ya mwalimu mlezi ni jambo la shule, na mwalimu mkuu ndiye anayelisimamia. Kupita sokoni au kwenye stendi ya matatu na mkebe ni jambo jingine. Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, inataka kibali kabla ya kuchangisha watu hadharani. Anzieni kwa chifu, ambaye atawaelekeza kwa Naibu Kamishna wa Kaunti. Ofisi hizo ni za serikali ya kitaifa. Ofisi ya kaunti katika wadi yenu itawasaidia mkihitaji ukumbi au uwanja wa kaunti.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mwanafunzi, hata awe mwaminifu namna gani. Ziende kwenye akaunti ya shule au ya shirika lililosajiliwa, zitolewe kwa sahihi zaidi ya moja, na hesabu ibandikwe ubaoni: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Inapowezekana, lipeni karo moja kwa moja shuleni au nunueni sare kwa fundi, na risiti zihifadhiwe. Tena, kabla ya kugawa chochote, waulizeni wakimbizi wenyewe. Mama mmoja atataka sare, mwingine nauli ya kufika Shauri Moyo. Msaada usiwaruke Wakenya wa ploti ile ile wenye shida ile ile, maana chuki ya majirani humgharimu mkimbizi kuliko thamani ya sare. Nunueni pia bidhaa zao: duka la Mikono la Jesuit Refugee Service hapa Nairobi huuza kazi za mikono za wakimbizi, na anayenunua hapo hulipia jasho la mtu.

Kuhusu picha, tahadhari ni kubwa. Wapo wakimbizi wanaosakwa hata huku na watu waliowakimbia. Sura yake kwenye bango la shule au kwenye simu za watu inaweza kumfikia asiyefaa, na mkishaituma hamwezi kuirudisha. Kwa mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka wa 2023 shule moja eneo la Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Simulieni habari bila sura na bila jina la mtaa.

Wakazi wa umri wangu na zaidi hawahitaji bango kuelezwa haya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakaacha makwao. Watu wa Kibera na Kawangware walikuwa miongoni mwa waliolala kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, na maelfu ya Wakenya walivuka mpaka wakapokelewa Uganda kama wakimbizi. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walikuwa hawajazaliwa. Wakitafuta wa kuwahoji kwa mradi wao, waanzie nyumbani.

Mwaka huu Juni 20 ni Jumamosi. Wanaopanga matembezi barabarani, Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka wampe taarifa afisa msimamizi wa kituo cha polisi cha eneo lao kabla ya siku 3 na si mapema kuliko siku 14. Hiyo ina maana barua ifike kati ya Juni 6 na Juni 17, ikiwa na jina na anwani ya mwandaaji, njia itakayopitiwa, na saa, ambazo sharti ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kwa wanafunzi, barua hiyo iandikwe na mwalimu mlezi.