Sanduku letu la vitabu limepata ndugu

Juma lililopita wengi wenu mliuliza kwa nini mwenzetu anayetunza sanduku la vitabu alikaa kando na simu yake wakati sisi tunahesabu pesa za likelemba. Tulimgombeza kidogo, tunakubali. Sasa tumejua alichokuwa anafanya, na tunaona ni haki tuwaeleze wote, wa Butembo na wa Beni, maana jambo lenyewe linagusa watoto wetu.

Sanduku mnalijua. Ni la bati, la rangi ya buluu, limekaa nyuma ya viti katika chumba tunamokutania. Lina vitabu 64, na kaye moja ya kuandika nani amechukua nini. Jumamosi, mkutano ukiisha, linafunguliwa na watoto wanapanga mstari mpaka nje. Mwenzetu hakusomea kazi hiyo. Ni mwalimu wa darasa la pili, na ufunguo alipewa kwa sababu siku ile alikuwa ameketi karibu na mlango. Miaka mitatu ameifanya peke yake. Kitabu kikiota ukungu kwa baridi na mvua zetu za huku mlimani, hana wa kumwuliza. Mtoto akirudisha kitabu bila kurasa kumi za mwisho, hajui kama alipishe au asamehe.

Tena mnakumbuka ile mizigo ya mwaka juzi. Mfadhili mmoja alituletea katoni mbili, tukaimba na kucheza. Tulipofungua tulikuta vitabu vya uhasibu na sheria za nchi za mbali, vyote kwa Kiingereza, pamoja na kimoja cha kufundisha watu kuteleza juu ya theluji. Watoto walikipenda hicho cha theluji kwa picha zake, si uongo. Lakini hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mfadhili anaweza kupewa orodha mapema, na kwamba msaada usiofaa unaweza kukataliwa kwa heshima.

Basi, binamu yake anayeishi Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, akamwingiza katika kikundi cha WhatsApp cha watunza vitabu wa nchi hizi za jirani. Desturi yao ni moja: anayeingia anajitambulisha. Anasema jina lake, yuko wapi, ana vitabu vingapi, vya lugha gani, wanaosoma ni nani, na shida yake ni ipi. Mwenzetu aliandika akafuta mara nne. Aliona haya, maana waliomtangulia walikuwa watu wa vyuo vikuu na wa maktaba kubwa. (Sisi tunasema biblioteke. Kenya na Tanzania wanasema maktaba, na mtunzaji wake ni mkutubi. Tumeanza kumwita hivyo, naye anacheka.) Mwishowe, siku ile ya likelemba, akatuma: sanduku moja, vitabu 64, Kifaransa 49, Kiswahili 15, Kinande hakuna.

Hakuna aliyemcheka. Kabla ya usiku alikuwa amesalimiwa kutoka pande nyingi, na mtu wa Uganda akamkumbusha habari za Kitengesa, kijiji karibu na Masaka. Biblioteke ya Kitengesa ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu tu shuleni. Mwaka 2002 walikuwa na jengo lao. Mwenzetu alitusomea ujumbe huo mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyekuwa anahesabu pesa tena.

Watu hawa wametafutana tangu zamani. Makerere ilifunguliwa shule ya wakutubi wa Afrika Mashariki mwaka 1963. Mwaka 1974 vyama vyao vya upande huu wa Afrika vilikutana Dar es Salaam, na baadaye mikutano hiyo ikaendelea kuzunguka nchi baada ya nchi. Mwaka 2013 ukazaliwa umoja wa bara zima, AfLIA, wenye ofisi yake Accra, Ghana. Kenya nao walianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Yote ni mazuri, lakini mikutano mikubwa ni ya wenye tiketi ya ndege. Mtunza sanduku wa Butembo hawezi kufika huko. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wetu faida tuliyotazamia ni ya bidhaa zinazopita Kasindi. Kumbe na vitabu vina majirani.

Tunajua baadhi yenu mtasema: simu tena? Simu ndiyo iliyotuletea uongo. Ni kweli, na hatujasahau. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na haikutangazwa kwisha mpaka 25 Juni 2020. Ilichukua watu 2,287. Katika miezi ile sauti zilipita kutoka simu hadi simu zikisema ugonjwa ni biashara, zikisema chanjo inaua, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kuna wamama kati yetu waliochelewa kumpeleka mgonjwa kwa sababu ya ujumbe ambao hakuna aliyejua umetoka wapi. Ndiyo maana tunapenda desturi hii ya kujitambulisha. Asemaye ametaja jina lake, mahali pake na kazi yake. Ukimwuliza umeyatoa wapi haya, hakasiriki. Kazi yake ndiyo hiyo.

Kuhusu Kinande, tulipata zaidi ya tulichoomba. Mwalimu mmoja wa upande wa Kasese alimwandikia kwa Lukonzo, na mwenzetu akasoma bila shida, kama barua ya shangazi. Akaelekezwa kwenye African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wenye hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo. Ni bure, na unaruhusiwa kuchapa na hata kutafsiri mwenyewe. Mega ni ghali, tunajua. Kwa hiyo anashusha mmoja, kisha tunarushiana kwa Bluetooth bila kulipa kitu. Hadithi mbili tayari zimechapwa papeteri, na bibi wawili wa Vulamba wameanza kuziweka katika Kinande. Wanagombana sana juu ya maneno. Tunawaacha.

Swali gumu aliliuliza mwisho. Familia zilizokimbia kutoka upande wa Beni zinafika hapa, watoto wao wanaazima, halafu usiku mmoja familia inahama tena na kitabu kinakwenda nayo. Katika kaye alikuwa anaandika «kimepotea», na kila alipoandika hivyo moyo ulimwuma, kama vile anamwita mtoto mwizi. Wakutubi walijadiliana siku mbili. Mmoja alisema watoto wa namna hiyo wasomee hapohapo tu, wasibebe kitu. Hatukukubaliana naye, ingawa tunaelewa hofu yake. Mama mmoja aliyewahi kuhudumia wakimbizi alijibu kwa kifupi: aandike «kimesafiri», na ndani ya jalada la kila kitabu abandike karatasi yenye jina la chama na mtaa, ili kikitaka kurudi kijue njia.

Jumamosi iliyopita tulikata karatasi hizo na kuzibandika kwa gundi ya unga wa mihogo. Katika kaye sasa kuna vitabu kumi na kimoja vilivyosafiri. Kilikuwa cha kumi na mbili, lakini kimoja kimerudi juma hili kutoka Oicha, kimeletwa na mwenye moto ambaye hatumjui. Hakina jalada. Jumamosi hii tutakishona. Anayeweza aje na sindano nene na uzi mweupe.