Mjomba wa Redioni

Wasikilizaji wa madarasa ya watu wazima, mlioko Masasi na mlioko Newala, sogeeni karibu na redio. Fungueni kitabu chenu, na tunaposoma, kila mmoja afuate maneno kwa kidole.

Leo tunamkumbuka mtangazaji mmoja, marehemu Julius Nyaisangah. Huenda jina hilo hulijui, maana watu walizoea kumwita Uncle J. Neno hilo la kwanza ni la Kiingereza. Waingereza hulitumia kwa ndugu wa mama na kwa ndugu wa baba pia, hawatengi. Sisi wa huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, tunatenga sana. Mjomba ni ndugu wa mama, naye ana kauli katika ukoo. Harusi haiendi bila yeye, wala matanga hayaishi bila yeye. Basi jina lile lilipofika huku kwetu lilipata mahali pake.

Nyaisangah alitangaza katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio hiyo ilianza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, ikapata jina la Radio Tanzania mwaka 1965, na siku hizi ni TBC. Sheria ya mwaka 1993 iliwaruhusu watu binafsi kufungua vituo vyao, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Nyaisangah alifanya kazi huko pia. Mwisho alikuwa meneja wa Abood Media mjini Morogoro, na huko Morogoro ndiko alikofariki, Oktoba 20, 2013.

Mtangazaji wa muziki wa wakati ule alifanya nini? Wengine hudhani aliweka santuri, kisha alikaa kunywa chai. Sivyo. Upande mmoja wa santuri ndogo ulicheza dakika tatu au nne tu. Katika dakika hizo aliweka tayari santuri ya pili, alitazama saa, na aliipitia barua atakayoisoma. Tena Radio Tanzania iliwaita wanamuziki studio na kuwarekodi yenyewe: Juwata, Vijana Jazz, Mlimani Park na wengine. Nyimbo hizo zilikaa katika utepe, na mwenye kutafuta wimbo katika utepe aliuzungusha mpaka aupate mwanzo wake. Akikosea, nchi nzima ilisikia kimya.

Mkuu wa vipindi ana kazi nyingine. Yeye hupanga kipi kisikike saa ngapi. Fikiri juu ya mkorosho wako. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, ili vumbi lishike. Je, kipindi cha mkulima kikitangazwa saa hiyo, nani atakisikia? Watoto na kuku. Kwa hiyo mkuu wa vipindi mwema huuliza kwanza watu wako wapi, ndipo apange.

Sasa tuje kwenye salamu, na hapa tukae kidogo. Kabla ya daraja la Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka kwa kivuko, na mvua za masika zikinyesha njia ya Dar es Salaam ilikatika. Barua ilichelewa, na mtu alichelewa zaidi. Redio haikungoja njia ikauke. Mtu wa Newala aliye kibaruani mbali alisikia salamu za nduguze. Vilevile matangazo ya vifo: mtu alisikia redioni kwamba mama yake amefariki, na pengine alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani.

Lakini salamu ziliandikwa katika kadi. Asiyejua kuandika alimwomba mtoto wa shule amwandikie. Mtoto huyo alijua siri zote za nyumba, hata jina la yule unayemsalimu kwa wimbo wa mapenzi! Na mtangazaji, hata akiwa hodari kama Uncle J, husoma yaliyoandikwa. Hajui uliyokusudia. Tazama majina haya mawili:

SALAMA
SALIMA

Yametofautiana herufi moja tu. Mume alikusudia kumsalimu mkewe Salama, mwandishi akaweka I mahali pa A. Redio ikamtaja Salima, na majirani wote wakasikia. Huyo mume alale wapi usiku ule?

Zoezi. Kata karatasi ipatayo kiganja. Andika jina lako, kijiji chako, majina matano ya watu unaowasalimu, na wimbo unaoutaka. Usimpe mtu akuandikie. Ukimaliza, mpe jirani yako aisome kwa sauti, nawe usimsaidie. Akisoma jina lisilo lako, irudie. Mwalimu atakusanya kadi zote kabla ya somo lijalo.