Pilipili zangu hazikulogwa

Wahenga waliuliza: pilipili iliyo shamba yakuwashia nini? Mimi za kwangu ziliniwasha kabla hazijazaa.

Hapa Sumbawanga tuko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Ni katika baridi hiyo nilipoamua kuotesha pilipili kichaa kwenye makopo nyuma ya nyumba. Sikuwa na nia ya biashara. Nilitaka pilipili mbili tatu za kutia kwenye maharage, na kitu cha kushughulika nacho jioni.

Nilisia mbegu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nyingi hazikuota. Chache zilizoota zilisimama siku kadhaa, kisha zikalala chini moja baada ya nyingine, shina limenywea pale linapotoka udongoni. Mwaka uliofuata ikawa vile vile.

Sasa, yuko jirani yangu mmoja, mzee, ambaye kila alipopita alisimama na kuyatazama makopo yale. Nikaanza kujiuliza: mbona akitazama yeye, miche inakufa? Nikapunguza salamu. Ikafika mahali nikawakataza watoto wasiende kwake. Na haya yote katika mji ambao jina lake, wenyeji husema, maana yake ni "tupa uchawi"!

Siku moja mzee alipiga hodi, akaingia uani. Akainua kopo, akaona halina tundu hata moja chini. Akasema, "Mwanangu, siku nyingi nataka kukuambia, lakini naona huna nafasi na mimi. Miche hii unaizamisha, tena katika baridi." Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Maelezo yenyewe ni haya. Pilipili asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Ilifika Afrika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, ikiletwa na Wareno. Mbegu yake hupenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Udongo ukiwa baridi na umelowa, mbegu hukawia, mwishowe huoza. Ikibahatika kuota, mche hushambuliwa na vimelea vya ukungu vinavyostawi penye maji mengi. Vimelea hivyo huozesha shina usawa wa udongo, na mche huanguka kana kwamba umekatwa. Mabwana shamba huuita ugonjwa huo kinyausi. Hauna macho wala wivu.

Kwa hiyo, anayetaka kujaribu asubiri Septemba, baridi ikishapungua. Toboeni makopo chini. Changanyeni udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Fukieni mbegu kina cha nusu sentimeta tu. Usiku makopo yakae jikoni karibu na meko. Miche ikichomoza, mchana itoleweni juani. Mwagilieni pale tu udongo wa juu unapokauka. Mvua zikianza Novemba, hamishieni miche kwenye tuta lililoinuka, maji yasisimame. Wazee wa Ufipa wanalijua jambo hili tangu zamani: vilima vyao vya kulimia hufukia majani, yakaoza na kuwa mbolea, na maji ya ziada hupita pembeni.

Mkishachuma, msiguse macho. Kile kinachowasha hakiyeyuki vizuri katika maji, huyeyuka katika mafuta. Pakeni mikono mafuta ya kula kwanza, kisha ioshwe kwa sabuni. Ndege wao hawausikii ukali huo, kwa hiyo msishangae wakiwatangulia kuchuma.

Mwaka wa tatu pilipili zangu zilizaa. Za kwanza kabisa nilizifunga kwenye karatasi, nikawapa watoto wampelekee yule mzee. Sikumweleza niliyokuwa nikiyawaza miaka miwili. Ubaya wa dhana ni kwamba hauhitaji ushahidi, ilhali kutoboa kopo kunahitaji msumari mmoja tu.

Huenda jioni hii naye anasikiliza. Mzee wangu, shikamoo, na unisamehe.

Kwaherini hadi wiki ijayo.